Mheshimiwa Anatafakari

Sipendi kusikia watu wakiisema vibaya Jamhuri yetu. Daraja la Mto Mbwezi lilipoanguka, kwa mfano, walikuwepo watu waliosema limeanguka. Serikali ikatoa tamko siku hiyo hiyo: daraja halikuanguka, limestaafu kwa hiari baada ya utumishi uliotukuka. Sisi wa Klabu ya Bustani ya Bondeni Juu tuliridhika kabisa na maelezo hayo. Tulibaki na tatizo dogo tu, kwamba wanachama kumi na mmoja tulikuwa ng'ambo hii ya mto, na Mzee Lukindo alikuwa ng'ambo ile.

Mzee Lukindo hakuwa mtu wa kuachwa hivi hivi. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu alihamishia ukali wake wote kwenye kabichi. Kitalu cha klabu kilikuwa kwake. Nyanya, biringanya, pilipili hoho, miche yetu yote ya msimu ilianzia kwenye matuta yake, na sasa ilitufikia kwa lori la maziwa lililozunguka siku nzima kupitia wilaya ya jirani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Watoto wake wako mbali. Jirani yake wa karibu yuko mashamba matatu kutoka kwake.

Mwenyekiti wetu, Bi. Siwema Kitunga, ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa wetu ilizaliwa mikononi mwake. Ndiye aliyesema, "Basi tukutane kwenye simu." Kuanzia hapo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, nyuso kumi na mbili zilitokea kwenye vidirisha kumi na viwili, na mimi, katibu, nikaandika kumbukumbu. Mtu alisogeza jani la bamia mbele ya kamera, na Mzee Lukindo alivaa miwani, akalitazama kama anayekagua tiketi.

"Huo si ugonjwa," alisema. "Hiyo ni kiu. Mwagilia, acha kuniletea habari."

Tulifurahi sana. Hapo ndipo tulipokosea, kwa maana jambo zuri katika Jamhuri yetu haliachwi liendelee bila kuzinduliwa.

*

Barua ilitoka Wizara ya Ukijani, Mawasiliano na Utulivu. Ilitupongeza kwa kukutana bila kukutana, na ikatuarifu kwamba Mheshimiwa Waziri, Dakta Pasensi Kolomela, angekuja mwenyewe kuufungua mkutano wetu wa Jumamosi, kwa simu. Iliambatana na nakala ya Sheria ya Heshima ya Mikutano ya Mbali, kurasa tisini. Nilizisoma zote. Kifungu cha kumi na nne kilisema hivi: mkutano ukifunguliwa na mgeni rasmi, hakuna atakayeondoka mpaka ufungwe kwa sauti itokayo kwenye kidirisha cha mgeni rasmi. Klabu itakayokiuka itafutwa kwenye daftari la vyama, na wanachama wake hawataruhusiwa kuonana tena, kwa uso, kwa simu wala kwa ishara.

Tuliletewa pia Mratibu wa Mikutano ya Mbali, Bwana Halfani Mkude, kijana aliyevaa tai iliyombana shingo, akiwa kwenye ofisi isiyo na dirisha huko makao makuu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha tunakaa.

Jumamosi ilipofika, Mheshimiwa alichelewa saa mbili tu. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, na nyuma yake tulisikia mtu akipiga honi. Alizungumza kwa dakika arobaini. Alisema taifa ni bustani na wananchi ni mboga, na kwamba Serikali inaandaa kilimo cha kisasa kisichohitaji udongo, maji wala wakulima. Tulipiga makofi. Mzee Lukindo hakupiga. Baadaye alieleza kuwa mikono yake ilikuwa na matope.

"Na sasa, kabla sijafunga," alisema Mheshimiwa, "naomba niseme jambo moja la msingi kabisa."

Skrini ikayumba. Tukaona dari, tukaona kitambaa cha meza, tukasikia kitu kikigonga mbao. Kisha Mheshimiwa akarudi. Sasa alikuwa amevaa suti nyeusi yenye nishani tatu, anatabasamu, na hatikisiki. Sikushangaa. Watu wakubwa hubadilisha nguo haraka.

Tukasubiri jambo la msingi. Ikapita nusu saa.

"Nadhani Mheshimiwa ameganda," alisema Bi. Siwema.

"Mheshimiwa hagandi," Bwana Halfani akajibu upesi. "Mheshimiwa anatafakari."

*

Alitafakari mpaka magharibi. Alitafakari Jumapili nzima.

Wizara ilitutumia bando la uzalendo ili mtu asisingizie kwamba limekwisha. Wenye familia waliletewa chakula palepale walipokaa, na usiku tulisinzia kwenye viti, kamera zikiwa wazi. Kwenda msalani kulihitaji kujaza Fomu Namba Saba, na mwombaji alitakiwa kutaja aina ya haja, muda unaokadiriwa na jina la mdhamini. Nilimdhamini Bi. Siwema mara tano. Yeye alinidhamini mara nane, na akaniambia mbele ya watu nikapimwe sukari.

Sijui kama mmewahi kukaa kitini mkiisikia bustani yenu ikiwa nje ya dirisha. Jua lilipanda. Nyanya zangu zilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, na mdomo wa ndoo niliuona kabisa kupitia mlango. Miguu yangu ilianza kutikisika yenyewe. Niliibana kwa mikono, mabega yakaanza. Nilipotazama skrini niliona kwamba vidirisha vyote vinatikisika: huyu anagonga meza, yule anajikuna shingo, mwingine anainuka nusu na kuketi, anainuka nusu na kuketi. Aliyetulia alikuwa mmoja tu, Mheshimiwa, na tabasamu lake.

Mwanachama mmoja alipata akili akaichukua simu yake, akaanza kutembea nayo kuelekea kwenye mchicha.

"Kamera isitembee!" Bwana Halfani akapiga kelele. "Mheshimiwa hapendi kizunguzungu."

Jumatatu asubuhi, Bi. Siwema aliona kitu. Mzee Lukindo alikuwa amekaa barazani, na nyuma yake kilionekana kitalu, mistari ya kijani iliyonyooka kama reli. Bi. Siwema alisogeza pua karibu na skrini.

"Mzee Lukindo, hayo matuta ya mwisho yana nini? Mbona yanacheza?"

Mzee hakugeuka. "Ni viwavi," alisema. "Waliingia jana mchana. Nawasikia wakitafuna."

"Sasa umekaa?"

"Nimekaa."

"Mzee, inuka! Majivu si yapo hapo jikoni? Maji ya pilipili si unayo?"

"Yapo yote." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Siwema, nikiinuka wanatufuta. Miche nitaotesha mingine. Ninyi nikishafutiwa, nitaongea na nani?"

Mimi sikuandika kitu kwa dakika nzima, jambo ambalo ni kosa chini ya kifungu cha ishirini.

Bi. Siwema aliomba rasmi kwamba Mzee Lukindo aruhusiwe dakika kumi. Bwana Halfani alisema ombi hilo ni zuri, na kwamba litajibiwa na Mheshimiwa mara atakapomaliza kutafakari. Tai yake ilikuwa imelegea. Baada ya kitambo akauliza, kwa sauti ya chini, "Viwavi hao wanakula mpaka mizizi?"

"Wanaacha vijiti," Mzee Lukindo akamjibu. "Kama shule iliyoahidiwa paa."

Ikaandikwa kwamba mjumbe alitoa mfano.

*

Hatukujua kwamba Mzee Lukindo hakuwa na chakula. Alikuwa na bakuli la karanga mezani na nyanya nne alizokuwa amezichuma kabla ya mkutano, na chupa ya maji. Jumatatu jioni bakuli lilikuwa tupu. Alipoulizwa alisema ameshiba. Sisi wenye kuletewa ugali na watoto wetu tulianza kula tumeinamisha vichwa chini ya meza, kwa aibu.

Jumanne saa tatu asubuhi kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya meza. Tuliona upara wake tu na mkono mmoja ulionyooka.

"Mzee Lukindo!" Bi. Siwema aliita. "Mzee Lukindo, kama unanisikia, inua kidole!"

Kidole kikainuka kidogo.

"Mzee Lukindo anaomba kuzungumza," Bwana Halfani akasema, akiangalia orodha yake. "Ni wa nne." Kisha nadhani alijisikia mwenyewe, kwa sababu alifumba mdomo na uso ukamwiva.

Bi. Siwema alisimama. Katika siku tatu hakuna aliyewahi kusimama mpaka mwisho mbele ya kamera bila fomu. Tulimwona mkanda wa gauni, tukaona mikono yake mikubwa iliyopokea watoto wetu.

"Bwana Mratibu," alisema, "nimeona watu wakifa kwa malaria, kwa kifafa cha mimba, kwa ajali ya barabarani. Sijaona mtu akifa kwa heshima. Natoka. Naenda kuomba simu kwa jirani nimpigie mtu wa ng'ambo amwendee huyu mzee. Mtanifuta mkitaka."

"Mama, nakuomba," alisema Bwana Halfani. "Ukitoka wewe wanafutwa wote. Na mimi nitaandikiwa kwamba nimeshindwa kuwakalisha."

"Basi simama na wewe."

Wakati huo huo, katika kidirisha cha Mheshimiwa, palitokea kitambaa cha njano.

Kilitoka upande wa kushoto. Kilimfuta Mheshimiwa paji la uso, kikamfuta macho yote mawili, kikazunguka kwenye pua, kikashuka mpaka kidevuni. Mheshimiwa hakupepesa jicho. Aliendelea kutabasamu. Tukasikia mtu akiimba kwa kujisahau.

"Mheshimiwa amefutwa jasho," alinong'ona Bwana Halfani, na ndivyo nilivyoandika.

Lakini Bi. Siwema ana masikio ya mkunga. "Dada!" aliita. "Wewe dada unayeimba!"

Kitambaa kikaanguka. "Mama yangu! Nani huyo?"

"Usiogope. Mimi ni Bi. Siwema, tuko humo kwenye simu. Hebu isogeze hiyo picha tukuone."

Mheshimiwa akainuliwa na mikono miwili, fremu na kioo chake, akawekwa pembeni akitazama ukuta. Mahali pake pakatokea uso wa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kilemba, macho yamemtoka.

"Mmekaa humu tangu lini?" aliuliza.

"Jumamosi. Wewe ni nani, dada?"

"Naitwa Nyamizi. Nafanya usafi hapa kwa Mheshimiwa."

"Na Mheshimiwa mwenyewe?"

"Ameondoka Jumamosi hiyo hiyo, gari lilikuwa linampigia honi. Amekwenda harusini kwa shemeji yake, anarudi Alhamisi. Aliniambia nisiiguse simu na picha isiondoke." Akasita. "Sikuambiwa kama kuna watu."

Kisha Bwana Halfani akasema, "Katibu, hilo usiliandike." Nikaandika kwamba nimeambiwa nisiliandike.

Sisi tuliona mambo yamekwisha, tutakaa mpaka Alhamisi. Bi. Siwema hakuona hivyo. Alikuwa tayari anapekua kurasa tisini, akilamba kidole.

"Bwana Halfani, nisomee kifungu cha kumi na nne. Neno kwa neno."

Bwana Halfani alisoma. Alipofika kwenye "kwa sauti itokayo kwenye kidirisha cha mgeni rasmi" aliyarudia maneno hayo, kisha akayarudia tena polepole. Nilimwona akitazama ukuta wa ofisi yake usio na dirisha. Nilimwona akimtazama Mzee Lukindo. Kisha akaivua tai yote, akaiweka kwenye droo.

"Sheria haisemi sauti ya nani," alisema.

"Dada Nyamizi," akasema Bi. Siwema, "tunaomba utufungie mkutano."

"Mimi? Niseme nini?"

"Sema lolote linalokujia."

Nyamizi alifikiri kidogo. Alijifuta mikono kwenye kanga. "Haya jamani," alisema, "mmekaa vya kutosha. Nendeni mkamwagilie bustani zenu. Na huyo mzee mpeni uji."

Niliitazama saa: saa tatu na dakika thelathini na mbili. Mkutano ukafungwa.

*

Sikuikata simu mara moja. Katika kidirisha cha Mzee Lukindo niliona kichwa kikiinuka. Alishika ukingo wa meza, akasimama kwa taabu. Akanywa maji kwenye mtungi, mengi, yakimmwagikia kifuani. Kisha akageuka, akaenda kwenye kitalu.

Hapakuwa na kijani tena. Palikuwa na vijiti vilivyopangwa mistari. Alitembea kutoka mwanzo wa tuta mpaka mwisho, kisha tuta la pili, kama anayehesabu mabehewa. Aliinama akashika kijiti kimoja. Aliporudi barazani jirani yake alikuwa ameshafika mbio na bakuli la uji, maana Bi. Siwema alikuwa amekwisha kumpigia simu. Mzee Lukindo aliupokea uji, akanitazama ndani ya kamera.

"Kwisha," alisema, akazima.

*

Wiki iliyofuata gazeti la Serikali liliandika, ukurasa wa kwanza, kwamba Mheshimiwa Dakta Kolomela ameendesha mkutano mrefu kuliko wote katika historia ya Jamhuri, na kwamba hotuba yake ya kufunga ilikuwa fupi, ya kina, na ndiyo ya kwanza katika miaka kumi na moja iliyoeleweka na wote walioisikia. Ripoti ya Bwana Halfani ilisema sauti ya Mheshimiwa siku hiyo ilikuwa nyembamba kidogo kwa sababu ya mafua. Mheshimiwa alipewa nishani ya nne. Ikabidi apigwe picha mpya.

Sheria haikuguswa, lakini sasa tulijua namna ya kuisoma. Kila Jumamosi Mheshimiwa aliiacha simu mezani akaondoka, kidirisha chake kikiwa wazi, na Nyamizi alikaa ndani yake na daftari. Alikuwa na mchicha nyuma ya jiko la Waziri ulioota majani ya njano. Katika kumbukumbu zangu niliandika, "Mheshimiwa aliuliza kuhusu mchicha." Saa tano kasoro aliufunga mkutano, nasi tukatawanyika kisheria.

Lakini mwenye kuujua mchicha hakuwepo. Mzee Lukindo alikuwa amezima simu. Jumamosi ya kwanza tulikiacha kidirisha chake kitupu, tukasubiri. Jumamosi ya pili hatukuweza kusubiri. Kila mtu alisema anakuja kusema neno kuhusu bamia, halafu anasahau neno lenyewe.

"Mimi siwezi kukaa hivi," alisema Bi. Siwema. "Katibu, kesho twende."

Tulikwenda wawili, kwa kuwa kisheria watatu ni mkutano, na wa tatu tungemkuta huko. Tulipanda lori la maziwa alfajiri tukiwa na makasha manne ya miche, kila mwanachama ametoa ya kwake: nyanya zilizorefuka kwa kukosa jua, kabichi zilizosongamana, biringanya mbili za kwangu zilizoinama. Tulizunguka wilaya ya jirani tukiwa tumekumbatia makasha magotini ili yasitikisike. Kila shimo la barabarani Bi. Siwema alilitukana kwa jina la wizara husika. Tulifika saa tisa alasiri.

Mzee Lukindo alikuwa barazani, amekonda, hajanyoa. Hakuinuka.

"Sikufa," alisema. "Mnaweza kuandika."

"Hatukuja kuandika," akasema Bi. Siwema. Aliweka kasha la kwanza miguuni pake, akalifunua.

Mzee aligeuza uso. Akatazama ukuta. Akatazama paa. Mkono wake ulishuka wenyewe, ukagusa shina la biringanya, ukalipindua jani.

"Nani ameotesha huyu?"

"Mimi," nilisema.

"Umemweka kabatini? Ona shingo ilivyo. Na hizi kabichi, nani amezisukumia pamoja hivi? Watu wenu hawana adabu." Alikuwa ameshapiga magoti. "Nilikaa pale siku tatu nikiisikiliza miche ikitafunwa. Nilijisemea, Lukindo, wewe ni mjinga, hao watu hata kuja kukuona hawatakuja. Ni sura tu kwenye kioo."

"Tumekuja," alisema Bi. Siwema.

"Naona." Alipenga kamasi kwa nguvu. "Mmechelewa wiki mbili za mvua. Katibu, jembe liko nyuma ya mlango."

Tulilima mpaka mgongo ukaniuma mahali ambapo sikujua kuwa ni mgongo. Tulikuwa kwenye tuta la pili simu yangu ilipoita mfukoni. Nilitazama jina, nikaacha kulima.

"Ni Mratibu," nilisema. "Wamejua tumekutana."

Bi. Siwema aliegemea jembe. "Pokea. Weka sauti wazi."

"Katibu," sauti ya Bwana Halfani ilisema, kwa chini sana, kama mtu aliyejifungia chooni. "Samahani kukusumbua Jumapili. Sipigi kikazi."

"Ndiyo, Bwana Mratibu."

"Ile Jumatano baada ya mkutano wenu nilinunua mbegu za bamia. Nilizipanda kwenye ndoo ya kudekia, hapa uani pa ofisi, nyuma ya mapipa. Sasa imetoka moja. Ina majani mawili." Tulimsikia akipumua. "Sijui nifanye nini. Nimeshaiangalia mara sita leo. Je, nimwone nani? Kuna fomu?"

Mzee Lukindo alinipokonya simu kwa mkono wenye matope.

"Sikiliza, kijana," alisema. "Toboa ndoo chini. Maji kidogo asubuhi, kidogo jioni. Na usimwambie Waziri."